Kujitawala Chini ya Taji

Jioni ya tarehe 25 Aprili 1849, Lord Elgin, Gavana wa Kanada, alitoka katika jengo la Bunge mjini Montreal na kukuta umati unamsubiri. Mayai viza yakarushwa kwenye gari lake la farasi. Usiku ulipoingia, watu wakalivamia Bunge lenyewe na kulitia moto, na maktaba yake ikateketea. Waliofanya hayo hawakuwa waasi waliochoka kutawaliwa na Uingereza. Walikuwa Waingereza wa Montreal, wahafidhina na watiifu wakubwa wa Malkia Victoria, na kilichowapandisha hasira ni saini moja. Gavana alikuwa ameidhinisha muswada wa kuwafidia raia wa Kanada ya Chini (Quebec ya leo) walioharibiwa mali wakati wa uasi wa 1837 na 1838, na miongoni mwa watakaolipwa walikuwemo watu walioshukiwa kuwaunga mkono waasi.

Elgin mwenyewe alikuwa na wasiwasi na muswada ule. Aliusaini kwa sababu mawaziri wenye wingi wa wabunge nyuma yao waliutaka, na tangu 1848 hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni: katika mambo ya ndani gavana hafuati moyo wake wala barua za London, anafuata serikali inayoaminiwa na Bunge la hapohapo. Mwenye kuishauri London hivyo alikuwa Lord Durham, katika ripoti yake ya 1839. Mpango huo uliitwa serikali ya madaraka, na Kanada haikuupata kwa kushinda vita. Gavana alikubali kupigwa mayai, na desturi ikasimama.

Kwa mlango huo zilipita Kanada, Australia, New Zealand, Newfoundland, Afrika Kusini na Ireland, baadaye India, na mwisho kabisa Tanganyika, Uganda na Kenya. Njia hiyo husimuliwa kama hisani ya mzazi anayewaachia wanawe kadiri wanavyokua. Mimi naona masimulizi hayo yanaruka maswali mawili. London ilibakiza nini mkononi kila ilipoachia kitu? Na pale wenyeji wa nchi walipopewa kujitawala, nani alihesabiwa kuwa mwenyeji? La pili ndilo lililoamua mengi zaidi.

Tuanze na kilichobakizwa. Gavana angeweza kuwasikiliza mawaziri wake kuhusu shule, barabara na kodi, lakini vita, mikataba na mataifa ya nje, na katiba ya koloni yenyewe vilikuwa vya London. Sheria ya koloni iliyopingana na sheria ya Bunge la Uingereza iliyotungwa kwa ajili ya koloni hilo ilikuwa batili. Jambo hili liliwekwa wazi mwaka 1865 kwa sababu ya mtu mmoja msumbufu, Jaji Boothby wa Australia Kusini, aliyezoea kuzifuta sheria za Bunge la koloni kwa kila aina ya kisingizio. London ikatunga sheria ya kumnyamazisha: makoloni yako huru kutunga yatakacho, mradi yasiguse zile sheria za Uingereza zilizotungwa mahsusi kwao. Wakati ule ulikuwa ukarimu. Miaka 60 baadaye sheria ileile ndiyo iliyoonekana kuwa mnyororo.

Ndani ya mipaka hiyo mambo yalikwenda kasi. Makoloni ya Kanada yaliungana tarehe 1 Julai 1867, ya Australia mwaka 1901, ya Afrika Kusini tarehe 31 Mei 1910. Mwaka 1907 nchi hizi zilianza kuitwa dominioni, ili zisichanganywe na makoloni ya kawaida kama Jamaika au Gold Coast. Hazikuwa na mabalozi, na raia wake alikuwa raia wa mfalme wa Uingereza kama alivyokuwa mkazi wa Liverpool. Wala viongozi wake wengi hawakuwa wakitaka zaidi. Jeshi la majini la Uingereza liliwalinda, masoko ya fedha ya London yaliwakopesha, na nyumbani walitawala watakavyo. Mtu aliyekwisha kukaa kwenye kiti hana haraka ya kugombania hati ya kiti.

Waliosimama nje ya chumba ndio waliojua bei ya mpango huu. New Zealand ilipata serikali ya madaraka mwaka 1856, na katika miaka ya 1860 serikali hiyo ya walowezi ilipigana na Wamaori na kuwanyang'anya ardhi kwa mamilioni ya ekari. Mwaka 1884 Tāwhiao, mfalme wa Wamaori wa Waikato, alisafiri hadi London kumkumbusha Malkia Victoria mkataba wa Waitangi wa 1840, uliofungwa kati ya machifu wa Kimaori na Taji kwa jina la malkia huyohuyo. Malkia hakumwona. Waziri wa Makoloni, Lord Derby, alimpokea, na jibu likawa kwamba hayo ni mambo ya serikali ya New Zealand. Yaani arudi kwa wale aliokuja kuwashtaki.

Mwaka 1909 safari ikarudiwa kutoka Afrika Kusini. William Schreiner, Mzungu aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Cape, alifuatana na akina John Tengo Jabavu, Walter Rubusana na Abdullah Abdurahman kwenda kuliomba Bunge la Uingereza libadilishe muswada wa katiba ya Muungano, uliosema kwamba mbunge lazima awe wa asili ya Ulaya. Wabunge wa Uingereza walisikitika hadharani, kisha wakaupitisha muswada kama ulivyo, kwa hoja kwamba Waafrika Kusini wameshaafikiana. Miaka 3 baada ya Muungano ikaja Sheria ya Ardhi ya 1913, iliyowatengea Waafrika, walio wengi, takriban asilimia 7 tu ya nchi. Kadiri dominioni ilivyozidi kuwa huru, ndivyo mtu mweusi alivyozidi kukosa pa kukatia rufaa.

Kenya ilikaribia kuingia njia hiyohiyo. Walowezi wasiofika 10,000 waliamini kwamba baada ya Vita Kuu zamu yao imefika, na mfano wao ulikuwa Rhodesia ya Kusini, ambako wapigakura, karibu wote Wazungu, walichagua kujitawala katika kura ya Oktoba 1922, kura 8,774 dhidi ya 5,989 za waliotaka kuungana na Afrika Kusini. Tatizo la walowezi wa Kenya ni kwamba Wahindi walikuwa wengi kuliko wao maradufu na walidai haki sawa, na serikali ya India iliwatetea. Katika kiherehere cha 1922 na 1923 walowezi walipanga hata kumteka gavana, na shamba la kumfungia walilichagua lenye mto mzuri wa kuvua samaki ili asichoke kukaa. London ilijinasua kwa waraka wa Julai 1923, jina la Waziri wa Makoloni, Devonshire, likiwa juu yake, uliosema kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa. Lilikuwa tamko la kuwanyima Wahindi na walowezi kwa mpigo mmoja, si la kumpa Mwafrika chochote, maana ardhi ya nyanda za juu ilibaki mikononi mwa Wazungu. Hata hivyo serikali ya madaraka ya walowezi iliishia hapo. Linganisha na Rhodesia: mwaka 1923 ilipata kujitawala, tarehe 11 Novemba 1965 ikajitangazia uhuru wa wachache, na baada ya miaka ya vita, Desemba 1979, gavana Mwingereza, Lord Soames, alitua Salisbury kuirudisha chini ya London kwa miezi michache ili Zimbabwe izaliwe Aprili 1980.

Kilichozifanya dominioni zitake zaidi ya utawala wa nyumbani ni vita. Tarehe 4 Agosti 1914 Mfalme George V alipoingia vitani, himaya yote iliingia naye bila kuulizwa. Kanada ilipeleka watu zaidi ya 600,000 na kuzika takriban 60,000. Australia, yenye watu wasiofika milioni 5, ilizika idadi kama hiyo. Baada ya umwagaji damu wa Gallipoli na Vimy haikuwezekana tena kuwaambia mawaziri wakuu wa nchi hizi kwamba sera ya nje ni kazi ya London. Kuanzia 1917 waliitwa kwenye baraza la vita la himaya. Mwaka 1919 wajumbe wao walitia saini mkataba wa Versailles kila mmoja kwa niaba ya nchi yake, ingawa chini ya kivuli cha Uingereza, wakapata viti katika Shirikisho la Mataifa.

Jan Smuts wa Afrika Kusini anaonyesha jinsi hesabu ya damu ilivyopigwa. Alipigana dhidi ya Waingereza katika vita vya Makaburu, mwaka 1916 akaongoza majeshi ya himaya kuwafukuza Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck hapa Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata alikuwa London, mezani na wakubwa wa vita. Nyuma ya majeshi yake walitembea wapagazi wa Carrier Corps, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na homa, na ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Vifo vya askari wa dominioni vilinunua viti Versailles. Vya wapagazi havikununua kitu. Zaidi ya hapo, Afrika Kusini ilikabidhiwa Afrika ya Kusini Magharibi, Australia ikapewa New Guinea na New Zealand ikapewa Samoa Magharibi. Nchi ambazo bado hazikuwa na ubalozi wa kwao zikawa na makoloni ya kwao.

Miaka ya 1920 ilikuwa ya kuvuta kamba kwa mambo yaliyoonekana madogo. Mwaka 1922 Uingereza ilipoelekea kupigana na Waturuki kule Chanak, ikaomba askari wa dominioni kwa telegramu, na Mackenzie King, Waziri Mkuu wa Kanada, akajibu kwamba Bunge lake ndilo litakaloamua. Machi 1923 waziri wake, Ernest Lapointe, akatia saini peke yake mkataba na Marekani kuhusu uvuvi wa halibuti, na balozi wa Uingereza mjini Washington, aliyetazamia kuweka jina lake pia, akaambiwa hahitajiki. Ni samaki tu, lakini hakukuwa tena na mkataba ambao Kanada isingeweza kuusaini yenyewe.

Ireland ilikuwa tofauti na hizo zote, kwa kuwa yenyewe haikuiomba hadhi ya dominioni, ilibebeshwa. Mkataba wa Desemba 1921 uliomaliza vita vyake na Uingereza uliifanya Dola Huru ya Ireland kuwa na hadhi ileile ya Kanada, wabunge wake wakila kiapo cha uaminifu kwa mfalme. Bunge la Dublin liliukubali kwa kura 64 dhidi ya 57, na nchi ikaingia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Michael Collins aliutetea kwa hoja kwamba mkataba haukuwapa uhuru wote ila uliwapa uwezo wa kuufikia. Aliuawa kwa kuviziwa Agosti 1922. Éamon de Valera, kiongozi wa waliosema kwamba njia hiyo haifiki popote, aliingia madarakani mwaka 1932 na kuanza kuitembea hatua kwa hatua: akaondoa kiapo, akafuta rufaa za London, akautumia mtafaruku wa Desemba 1936 wa mfalme aliyeacha kiti kumtoa mfalme katika mambo ya ndani, akaleta katiba mpya mwaka 1937, na mwaka 1938 akarudishiwa bandari zilizokuwa zimebaki kwa jeshi la majini la Uingereza. Marehemu Collins alithibitishwa na hasimu wake, jambo ambalo de Valera hakuwa na haraka ya kulikiri.

Mkutano wa himaya wa 1926 ulitamka, kwa maneno ya kamati ya Lord Balfour, kwamba Uingereza na dominioni ziko sawa kwa hadhi, wala hakuna iliyo chini ya nyingine. Sheria ya Westminster ya tarehe 11 Desemba 1931 ikaligeuza tamko hilo kuwa sheria. Ile ya 1865 ikaacha kuzihusu, na Bunge la Uingereza halikuwa tena na ruhusa ya kuzitungia sheria mpaka zenyewe ziombe. Hapo ndipo mtu angetarajia shangwe. Badala yake Australia na New Zealand ziliomba sheria hiyo isizihusu mpaka zenyewe ziipokee. Australia iliipokea mwaka 1942, katikati ya vita, na New Zealand mwaka 1947. Kanada ilitaka sehemu moja iachwe London, nayo ni uwezo wa kuibadili katiba yake, kwa kuwa serikali ya Ottawa na majimbo hawakuelewana nani ashike uwezo huo. Wenye haraka walikuwa Ireland na Makaburu wa Afrika Kusini. Hao wa pili waliitumia nafasi hiyo kuwafuta Waafrika wa Cape katika daftari la pamoja la wapigakura mwaka 1936 na Machotara mwaka 1956, safari ya pili baada ya mahakama zao wenyewe kuwawekea vizuizi.

Jinsi usawa huo ulivyokuwa wa ajabu ilionekana Septemba 1939. Tarehe 3 Waziri Mkuu Menzies aliwatangazia Waaustralia kwamba kwa kuwa Uingereza iko vitani, basi nao wako vitani. Tarehe 4 Bunge la Afrika Kusini lilipiga kura 80 dhidi ya 67 na kumwangusha Waziri Mkuu Hertzog aliyetaka kukaa kando, na tarehe 6 Smuts akatangaza vita. Kanada ilisubiri hadi tarehe 10, juma zima, makusudi. Ireland haikupigana kamwe. Kwa siku kadhaa, mfalme mmoja alikuwa vitani na Hitler akiwa Sydney, na yu katika amani naye akiwa Ottawa.

Newfoundland, kinyume na hizo, ilirudi nyuma. Ilikuwa dominioni kama nyingine, nchi ya wavuvi wa chewa wasiozidi 300,000. Tarehe 1 Julai 1916 kikosi chake kilishambulia Beaumont-Hamel kikiwa na watu kama 800, na asubuhi iliyofuata 68 tu waliitikia wito wa majina. Vita na reli viliiachia deni la takriban dola milioni 100, na bei ya samaki ilipoanguka, zaidi ya nusu ya mapato ya serikali ikawa inaishia kwenye riba. Aprili 1932 umati ulilivamia Bunge mjini St. John's, na Waziri Mkuu Squires akaponea chupuchupu. Tume ya Lord Amulree ikashauri kujitawala kusimamishwe, Bunge la Newfoundland likakubali kujifunga, na Februari 1934 nchi ikaanza kuongozwa na gavana na makamishna 6 wasiochaguliwa na mtu. Kulipokuja kura ya maoni mwaka 1948, Joseph Smallwood, aliyepigania kuungana na Kanada, aliwanadia akina mama wa vijijini posho ya watoto inayolipwa na Kanada. Kujiunga na Kanada kulishinda kwa asilimia 52.3, na mwaka 1949 ikawa jimbo. Hadhi ya dominioni haikulipa madeni, na London, iliyokuwa mdai na mlinzi kwa wakati mmoja, iliona nafuu kuwa na koloni kuliko mdaiwa aliyefilisika.

India na Pakistan zilipopewa hadhi hii Agosti 1947, ilikuwa njia ya mkato ya kukabidhi madaraka kabla katiba hazijaandikwa. India ikawa jamhuri tarehe 26 Januari 1950, na kwa kuwa mwaka uliotangulia mawaziri wakuu mjini London waliafiki kwamba jamhuri inaweza kubaki katika Jumuiya ya Madola, mfalme hakuwa tena sharti la uanachama. Nchi za Afrika zilipofika, mlango ulikuwa wazi tayari.

Ndiyo maana huku kwetu mambo yalikwenda mbio. Tanganyika, iliyokuwa nchi ya udhamini, ilipata serikali ya madaraka Septemba 1960, madaraka kamili ya ndani Mei 1961 na uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kwa mwaka mzima baada ya hapo Elizabeth II alikuwa Malkia wa Tanganyika, akiwakilishwa na Sir Richard Turnbull, gavana yuleyule wa jana aliyebadilishiwa cheo. Tarehe 9 Desemba 1962 ikawa jamhuri. Kenya ilipata madaraka tarehe 1 Juni 1963, uhuru tarehe 12 Desemba, na jamhuri mwaka mmoja kamili baadaye. Gavana Mkuu wake, Malcolm MacDonald, alikuwa mtoto wa Waziri Mkuu wa Uingereza aliyekuwepo Sheria ya Westminster ilipopita, na yeye mwenyewe ndiye aliyejadiliana na de Valera mwaka 1938 kama Waziri wa Dominioni. Alikuwa akiifunga Nairobi kazi ambayo baba yake aliifungulia London.

Tofauti na Kanada haikuwa katika sheria, zilizofanana sana. Nyerere na Kenyatta hawakuwa na asili ya Uingereza, wala katiba za uhuru hawakuziona kuwa zao. Kwa Kenya jamhuri ya 1964 haikumwondoa malkia tu, iliondoka pia na serikali za majimbo, ambazo KANU, chama cha Kenyatta, ilizihesabu kuwa mtego uliotegwa katika mazungumzo ya Lancaster House mjini London. Kwa hiyo rais alirithi uwezo wa gavana na wa waziri mkuu kwa pamoja, na mipaka aliyowekewa na katiba ya uhuru ikaanza kung'olewa mmoja baada ya mwingine.

Dominioni za zamani zilikuwa bado zinaokota masalia. Rufaa za kwenda kwa majaji wa Baraza la Faragha mjini London zilikoma Kanada mwaka 1949, na New Zealand ilizifuta miaka ya 2000 tu. Si kwamba London siku zote ilihukumu kwa dhuluma. Mwaka 1929 majaji hao ndio waliosema kwamba mwanamke wa Kanada ni mtu mwenye sifa ya kuteuliwa katika Seneti, baada ya Mahakama Kuu ya Ottawa kusema si mtu kwa maana hiyo. Katiba yenyewe ya Kanada ilirudi nyumbani Aprili 1982, bila ridhaa ya serikali ya Quebec. Miezi michache kabla, machifu wa mataifa ya asili walikwenda mahakamani London wakidai kwamba mikataba yao ilifungwa na Taji la Uingereza, hivyo Uingereza isiiachie Kanada kabla ya kuwahakikishia haki zao. Mahakama ya Rufaa, Lord Denning akiwemo, ikajibu Januari 1982 kwamba wajibu huo umekwisha kuhamia kwa Taji upande wa Kanada. Tāwhiao angelitambua jibu hilo.

Australia ilikata kamba zake za mwisho za kisheria tarehe 3 Machi 1986. Mwaka 1998 mgombea mmoja wa Queensland alishinda kiti cha Seneti akiwa bado na uraia wa Uingereza, na katiba inamkataza mtu mwenye uraia wa dola ya kigeni kuwa seneta. Je, Uingereza ni dola ya kigeni? Juni 1999 Mahakama Kuu ilisema ndiyo, angalau tangu 1986, na haikuona haja ya kutaja siku hasa ilipoanza kuwa hivyo. Mgombea huyo akapoteza kiti. Novemba mwaka huohuo Waaustralia walipiga kura kuhusu kuwa jamhuri, na takriban asilimia 55 wakaamua kubaki na malkia.